Dakika Nane za Ukutani

Ukiingia jengo la Mamlaka ya Mawasiliano kwa mlango mkubwa, ukampita mlinzi na kidaftari chake cha wageni, mkono wa kushoto kulikuwa na dirisha la kupokelea nyaraka. Nyuma ya dirisha hilo alikaa mtu mmoja kwa miaka ishirini na miwili. Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili la utumishi, na sidhani kama lilikuwa kwingine. Mawakili, matarishi wa makampuni, hata wakubwa wake, wote walimwita Mzee Muhuri.

Kazi yake ukiisema haraka ni kugonga muhuri. Lakini tulia nikueleze, maana kugonga nako kuna watu na watu. Yeye alibonyeza muhuri kwenye kidau cha wino mara mbili, akaujaribu kwenye kipande cha gazeti, ndipo akaushusha kwenye ukurasa wako, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Haukukaa upande hata siku moja. Kisha aliandika kwenye daftari: kampuni gani, nakala ngapi, tarehe, saa. Karatasi ikishapata ule muhuri imefika. Isipoupata, hata ukailaza kwenye meza ya Mkurugenzi, hiyo haijazaliwa. Mzee mwenyewe alipenda kusema hivyo kwa wageni, akicheka kwa pua.

Juu ya kichwa chake palikuwa na saa ya ukutani, duara, ya fremu nyeusi. Na hapo ndipo penye habari. Kanuni za Mamlaka zilisema waziwazi kwamba saa itakayohesabika kwenye kupokea nyaraka ni ile ya ukuta wa mapokezi. Si ya mkononi mwako, si ya simu yako. Na ile saa ya ukutani, ndugu yangu, ilichelewa kwa dakika nane.

Haikuharibika. Aliichelewesha mwenyewe. Zamani hizo alikuja mzee mmoja mwenye kituo kidogo cha redio, mguu umemvimba, anapanda ngazi kama anapanda mlima, na saa kumi ya mwisho wa kupokea ikamkuta kwenye ngazi ya tatu kutoka juu. Mzee Muhuri akapanda kwenye kigoda, akausukuma mkono wa saa nyuma, akashuka, akampokea. Hakuurudisha. Wakubwa walipita mlango wa nyuma na hawakuwa na haja ya saa ya mapokezi. Waliofaidika wakafunga midomo. Baada ya mwaka, makampuni yote yalijua. Matarishi waliziita "dakika za Mzee." Tarishi akikutwa na foleni barabarani, wenzake humtania: usilie, nenda, utakuta za Mzee.

Mtu mmoja aliyezijua kuliko wote alikuwa mdogo wake wa kike, ambaye watu walimwita Fundi. Huyu alianza maisha akiwa mpanda minara wa kampuni kubwa, mwanamke pekee kwenye kikosi. Walimcheka mpaka walipomwona juu, amejifunga mkanda, anafungua nati kwa mkono mmoja huku wa pili unakula ndizi. Baadaye akaacha, akaanzisha kakampuni kake. Watu wanne, gari moja bovu, minara kumi na mmoja. Alikwenda kule nyuma ya milima ambako wakubwa walikuwa wamepapita, kwa sababu watu ni wachache na mawe ni mengi. Mnara wa kumi na moja aliusimamisha juu ya kijiji alikobaki mama yao.

Kila Ijumaa, mama alimpigia mwanawe wa kiume. Alikuwa na kisimu cha vibonye vikubwa, na kwake kupiga simu ilikuwa shughuli: anaoga kwanza, anakaa, anapiga. Mazungumzo yalikuwa yaleyale. Umekula, baba? Nimekula, mama. Huko kazini wanakuheshimu? Wananiheshimu. Haya. Kisha anakata kabla hujaaga, kwa kuogopa kumaliza salio.

Sasa mwaka ule Mamlaka ilileta fomu mpya za ripoti ya mwaka. Zamani ilikuwa kurasa thelathini. Mara hii ilitakiwa kila mnara upimwe, nguvu yake iandikwe, malalamiko ya wateja yahesabiwe, saa za kuzimika zitajwe moja moja, na mtu atie saini kila ukurasa. Tarehe ya mwisho ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi wa tatu, saa kumi jioni, na asiyewasilisha, leseni yake haihuishwi. Makampuni makubwa yakapiga kelele. Yakaandika barua kwa pamoja, yakaomba siku sitini za nyongeza.

Mamlaka ikakataa. Ikatoa tangazo magazetini: muda hautaongezwa, hata siku moja, kwa yeyote. Watu mitaani wakafurahi sana, maana nani asiyewachukia wale wa kukata salio lako usiku? Safari hii wamepatikana, walisema.

Wiki ya mwisho Mkurugenzi akaita wafanyakazi wote ukumbini. Alisema mengi, lakini Mzee Muhuri alisikia moja tu. Mkurugenzi alinyoosha mkono mpaka viti vya nyuma, akasema kwamba yeye anaweza kutia saini matangazo mia, ila mlango wa Mamlaka ni yule mzee pale. Yeye akisimama, Mamlaka imesimama. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama, wengine wakapiga makofi. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mkubwa aliyewahi kumtaja kikaoni. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa, akaenda nyumbani amenyooka kama amemeza rula.

Jioni ya kuamkia siku ya mwisho, mdogo wake alipiga simu. Alikuwa bado kijijini. Radi ilikuwa imepiga mnara wa mama, kipimo chake hakijapatikana, na yeye hataki kuandika namba ya kubuni. Ameshautengeneza, asubuhi ataupima, kisha ashuke na ripoti. Akacheka, akauliza, "Kaka, zile dakika zako zipo?"

"Zipo," akasema. Na wakati anasema, zilikuwepo.

Asubuhi alifika kazini kabla ya mlinzi kubadilishana zamu. Akasimama chini ya ile saa. Akawaza maneno ya ukumbini, akawaza pia kwamba mwaka huu kila jicho liko kwenye dirisha lake. Akapanda kigoda, akausukuma mkono mbele dakika nane, akashuka, akajipangusa vumbi. Hakumwambia mtu.

Kumbe kulikuwa na mtu mmoja wa kumwambia, na alilijua hilo. Jua lilipopanda alimpigia mdogo wake, mara moja tu. Sauti ikamjibu kwamba namba anayopiga haipatikani. Fundi alikuwa keshatoka kwenye minara yake, yuko kwenye kipande cha barabara kisicho na mtandao wa mtu yeyote. Mzee alikusudia kupiga tena. Lakini foleni ikaanza, wino ukawa mkavu, mtu akauliza hili, mwingine lile, na kwa kweli tuseme lililo kweli: alikuwa na raha siku ile. Kila aliyemfikia dirishani alimwita Mheshimiwa.

Saa tisa na nusu wakili wa kampuni kubwa kuliko zote alifika na makasha matatu kwenye kitoroli. Mtu mcheshi, mwenye harufu nzuri. Mzee akafungua kasha la kwanza agonge. Ukurasa wa juu ulikuwa na nembo, barua na saini. Akafunua wa pili. Katikati ya weupe wa karatasi kulikuwa na mstari mmoja: ukurasa huu umeachwa wazi kwa makusudi. Wa tatu, hivyohivyo. Akaingiza kidole katikati ya rundo, akafunua: kwa makusudi.

Akainua macho. Wakili akatabasamu, akamweleza kwa upole, kama mwalimu anayempenda mwanafunzi. Kanuni inasema asiyewasilisha kwa wakati hakuwasilisha. Lakini aliyewasilisha kwa wakati, ripoti ikawa na kasoro, anapewa siku tisini za kurekebisha. Wao waliomba sitini wakanyimwa. "Basi, Mzee wangu, tumechukua tisini."

Mzee akagonga. Angefanyaje? Kazi ya dirisha ni kuhesabu nakala, si kusoma. Aligonga makasha matatu ya karatasi nyeupe, na muhuri haukukaa upande.

Ilipofika saa kumi kamili akaanza kushusha ubao wa dirisha. Wakili alikuwa bado ameegemea kaunta, anasubiri stakabadhi yake ikauke. Ilikuwa imepita kama dakika tano hivi, ubao umebaki upenyo wa kiganja, mlango mkubwa ukafunguka na Fundi akaingia. Viatu vina matope mekundu mpaka kifundoni. Amekumbatia bahasha tatu zilizofungwa kwenye nailoni. Alikuwa anatembea, hakimbii, kwa sababu mtu mwenye dakika tatu mkononi hana haja ya kukimbia.

"Kaka, nimefika."

Mzee alimtazama kwenye ule upenyo. "Saa kumi imepita."

Fundi akadhani ni utani, akacheka kidogo, akainua macho ukutani. Kicheko kikakatika. Alitazama saa, akatoa simu yake mfukoni, akatazama, akarudisha macho kwenye saa.

"Umeisogeza," akasema polepole.

"Imerekebishwa," akajibu, kana kwamba saa ilijiamkia yenyewe asubuhi ikajirekebisha.

"Jana uliniambia zipo."

Hapo wakili akageuza shingo. Mzee akaliona lile jicho, akaliona na lingine, la mlinzi. Akasema kwa sauti rasmi kwamba Mamlaka haina dakika za mtu. Wakili, kwa wema kabisa, akaongezea, "Dada yangu, sheria ni msumeno. Inakata mbele na nyuma."

Fundi alimpa wakili mgongo. Aliinama, akazipitisha bahasha chini ya ubao, moja, mbili, tatu. Zilikuwa nzito, kila ukurasa una maandishi. Akasema, "Basi nipokelee tu, Afisa."

Mzee Muhuri akaweka vidole viwili juu ya bahasha, akazisukuma zirudi. Kisha akashusha ubao mpaka chini.

Wiki moja baadaye alipewa barua ya pongezi kwa uthabiti kazini. Mkewe akaiwekea fremu. Gazeti likaandika kwamba Mamlaka imeonyesha meno: makampuni makubwa yote yaliwasilisha kwa wakati, na kampuni moja tu ndogo ndiyo iliyoshindwa. Walioshangilia mitaani hawakuuliza ni ipi.

Siku ya tisa tangu akataliwe, Fundi alikuja nyumbani kwa kaka yake. Hakukuja kugombana. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, akaipa kisogo ile fremu, akanywa chai aliyopewa na wifi yake mpaka ikaisha, ndipo akasema. Alikuwa amezisoma kanuni zote, neno kwa neno, kwa tochi ya kupandia minara. Zilisema saa ya mapokezi haisogezwi bila tangazo kubandikwa mlangoni siku tatu kabla. Na mtu aliyekataliwa ana siku kumi na nne za kukata rufaa. Alitaka kitu kimoja: Mzee aandike kwamba aliisogeza saa asubuhi ile, bila tangazo.

Mzee akakuna kidevu. Alimweleza kwamba kuandika hivyo ni kukiri pia aliyoyafanya miaka yote iliyopita. Kwamba amebakiza miezi kumi na mmoja astaafu. Kwamba watamfukuza, na kiinua mgongo kitakwenda. Mkewe alikuwa mlangoni na sinia.

"Mama anajua?" akauliza.

"Hajui. Mnara ukizimwa nitamwambia radi imepiga tena, tunasubiri kifaa," Fundi akasema. "Nitaendelea kumwambia hivyo. Nyinyi wawili mnapendana sana, sitaki kuingilia."

Mzee akaahidi atafikiri. Na alifikiri kweli, tusimwonee. Usiku huohuo aliandika maelezo yote kwa mwandiko wake mzuri, kurasa mbili, akatia saini, akayabana na rufaa aliyoachiwa na Fundi, akayaweka mfuko wa ndani wa koti. Siku ya kumi alikwenda nayo kazini, akarudi nayo. Siku ya kumi na moja, vilevile. Alikuwa akisema moyoni kwamba bado muda upo. Yeye mwenyewe, aliyewaambia matarishi kila mwaka kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, alisema bado upo.

Siku ya kumi na nne alikaa dirishani tangu asubuhi. Walikuja watu wawili wenye rufaa zao, akazipokea, akagonga, akaandika saa. Ya mdogo wake ilikuwa kifuani, inakwaruza akiinama. Hakuhitaji kupanda ngazi wala kupanga foleni. Alitakiwa atie mkono kwenye koti lake na agonge. Saa tisa akautia, akaigusa. Saa tisa na nusu mlinzi akaja kumpigisha soga, akautoa. Saa kumi ilipotimia ukutani, saa ya haki kabisa, isiyochelewa hata kidogo, akashusha ubao.

Minara kumi na mmoja ikazimwa mwezi wa tano. Kampuni ya yule wakili ilipewa eneo lile bila kuliomba. Ikatuma watu wawili wenye helmeti nyeupe, wakatazama milima, wakapiga picha, wakaondoka. Ripoti yao, niliyosikia ikisimuliwa, ilisema wateja ni wachache mno. Zile siku tisini walizitumia zote, kisha wakapata nyingine za kurekebisha marekebisho.

Ijumaa ya kwanza Mzee alikaa na simu mapajani. Haikulia. Akapiga yeye, namba haipatikani. Aliendelea kupiga kila Ijumaa kwa muda, halafu akawa anapiga mojamoja, halafu akaacha, kwa sababu ile sauti ilikuwa na adabu mno na alianza kuichukia. Kwenda mwenyewe? Alisema atakwenda akistaafu, atakaa mwezi mzima.

Alibakiza wiki tano astaafu, mama akafariki. Alikuwa ameugua siku sita. Siku hizo zote hakuna aliyeweza kumfikishia habari, maana mvua ilikata barabara, gari lile bovu halikupita, na Fundi hakubanduka kwa mgonjwa. Alipokata roho, alfajiri, Fundi alipanda kwa miguu mpaka kwenye mgongo wa mlima, mahali ambapo ukinyanyua simu juu unanasa mtandao wa upande wa pili kama unavyonasa inzi. Ujumbe ulikuwa wa maneno manne: Mama amefariki. Tunazika kesho.

Mzee aliondoka palepale. Alibadilisha magari matatu, kipande cha mwisho akatembea kwenye tope na viatu vya ofisini. Maziko yalipangwa saa sita mchana. Alijua amechelewa. Alipopita chini ya mnara ule, chuma kitupu kilichoanza kutu, jua lilikuwa limeshalala upande.

Akakuta watu wote wamekaa chini uani, wamechoka, watoto wamelala kwenye mapaja. Kaburi liko wazi. Mwili uko ndani ya nyumba. Ami yake mmoja akamnong'oneza kwa hasira kwamba wametaka kuzika tangu mchana, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na yule dada yako amesimama mlangoni amewakatalia. Anasema muda uongezwe. Wamekuwa wakiuongeza saa moja moja mpaka sasa.

Fundi alitoka. Alikuwa amekonda. Hakumpa mkono, alimpa kile kisimu cha vibonye vikubwa. Akamwambia kwamba kila Ijumaa mama alioga, akakaa, akapiga. Simu ikimwambia hakuna mtandao, anaiweka chini ya mto, anasema, leo baba yuko na kazi nyingi.

Mzee akakishika kile kisimu kwa mikono miwili, hakujua akiweke wapi. Alichoweza kuuliza kilikuwa kidogo sana, na alikiuliza kwa sauti ya mtu aliye upande wa pili wa dirisha. Mbona mmenisubiri?

"Mama amekufa hajui kwamba wewe humngojei mtu," Fundi akasema. "Sikutaka ajue leo, Afisa."

Kisha akawageukia watu, akawaambia wainuke. Akaokota chepeo iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akaifuta mpini kwa kanga yake, akamkabidhi.